Keshia wa Vuga na Nambari Zisizo na Mwenyewe

Kila siku watembezaji watalii wa Mji Mkongwe huwasimamisha wageni wao Shangani, mbele ya makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2019, wakawaeleza kwamba Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Picha hupigwa, wimbo huimbwa kwa sauti mbovu, msafara ukasonga mbele. Baba wa kijana huyo hupewa pumzi moja tu: Bomi Bulsara, Mparsi kutoka Bara Hindi, keshia wa Mahakama Kuu. Hakuna anayeuliza keshia wa Mahakama Kuu alikuwa akifanya nini tangu anapoingia kazini hadi anapofunga kasha.

Kazi ya keshia wa mahakama ni kupokea fedha za watu wenye wasiwasi. Kuna ada ya kufungulia shauri, kuna faini, kuna dhamana, na kila moja ina stakabadhi yake, safu yake daftarini na jumla yake ya jioni. Jengo lenyewe la Vuga, lile la kuba lililochorwa na J. H. Sinclair na kukamilika mwaka 1908, linasifiwa kwa usanifu wake katika kila kitabu cha wageni. Waliokaa ndani yake wakipanga senti hawamo katika vitabu hivyo.

Mji Mkongwe husimulia masultani, milango ya nakshi, watumwa na karafuu. Makarani waliovihesabu vyote hivyo wamesahauliwa, na hasara ya kuwasahau haiko kwenye utalii. Iko kwenye kaunta za ofisi za leo, ambako mwananchi hupewa nambari ambayo hakuna aliye tayari kusema ni yake.

Hesabu za Unguja hazijawahi kuwa nyepesi. Mwaka 1882 Sayyid Barghash alitoa riyali yake, moja kwa pesa 136. Rupia ya Hindi, iliyokuwa imejaa madukani, ilikuwa pesa 64, yaani anna 16 za pesa nne nne. Kwa hiyo riyali moja ilikwenda kwa rupia mbili na thumuni. Karani aliyetaka kuhamisha deni la riyali 37 kutoka daftari moja kwenda jingine ilimbidi azidishe kwa mbili, atafute thumuni ya 37, kisha aigeuze ile sehemu iliyobaki kuwa anna. Jibu ni rupia 78 na anna 10, na alitakiwa alitoe mdai akiwa amesimama mlangoni.

Upande wa mizani nao ulikuwa na lugha yake. Shambani mchumaji alilipwa kwa pishi, bandarini karafuu ikauzwa kwa frasila, na melini ikaondoka kwa tani. Wafanyabiashara walijua kwa moyo kwamba frasila moja ya karafuu ni ratili 35, na frasila 64 ni tani moja ya Kiingereza, ratili 2,240. Halafu likaja zoezi la Januari 1936, rupia ilipoondolewa na shilingi ya Afrika Mashariki ikashika nafasi yake kwa kiwango cha shilingi moja na senti 50 kwa rupia. Kila mshahara, kila kodi ya nyumba, kila deni la duka la mtaani lilibidi ligeuzwe. Wanahistoria hulipitia jambo hili kwa sentensi moja. Kwa makarani haikuwa sentensi moja.

Forodha ndiyo iliyokuwa chuo chao kikuu. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19 masultani hawakukusanya ushuru wenyewe. Waliikodisha forodha kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Kampuni ya Jairam Shivji iliishika kwa miongo mingi, na baadaye Taria Topan, yuleyule aliyeanzisha ujenzi wa lile jengo la zahanati la Mizingani lenye roshani za mbao. Mwenye kukodi alimlipa mtawala kiasi kilichokubaliwa na kubaki na ziada, kwa hiyo faida yake yote ilitegemea ukali wa kalamu ya karani. Haifai kuipamba kazi hiyo. Hadi mkataba wa 1873 ulipofunga soko la watumwa, binadamu walitozwa ushuru kama zilivyotozwa pembe za ndovu, na baada ya amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ya kuondoa utumwa, waliopigiwa hesabu ya fidia walikuwa mabwana. Nambari zilikuwa sahihi. Udhalimu uliweza kukaa vizuri ndani ya jumla isiyo na kosa.

Wakati daftari hizo zikijazwa kwa kalamu, ng'ambo watu walikuwa wakihangaika kuipa hesabu meno ya chuma. Huko Chicago, kijana fundi aitwaye Dorr Felt alitengeneza mfano wake wa kwanza ndani ya sanduku la makaroni, na mwaka 1887 akapata hataza ya mashine iliyokuja kuitwa Comptometer: ubao wa safu nyingi za vitufe, ukibonyeza jumla inabadilika papo hapo. Mwaka uliofuata William Burroughs, aliyekuwa karani wa benki kabla afya yake haijadhoofika, akapata hataza ya mashine yake ya kujumlisha. Alifariki mwaka 1898, kabla ya kuona jina lake likienea katika mabenki ya dunia. Msweidi Willgodt Odhner naye, akiwa St. Petersburg, alibuni mashine ya mpini wa kuzungusha, ambayo Wajerumani wa Braunschweig waliiunda kwa leseni kuanzia 1892 na kuiita Brunsviga. Mashine za jamii hizi zilifika Afrika Mashariki kupitia mabenki, mawakala wa meli na idara za serikali ya kikoloni.

Inafaa kumsogelea mtu anayeitumia ile ya mpini. Tuseme kuna mzigo wa frasila 48 kwa bei ya shilingi 23 na senti 75. Karani anasukuma vijipini vinne hadi visome 2375. Anazungusha mpini mara nane; kila mzunguko unatoa mkwaruzo wa meno ya chuma na mlio mfupi. Anakitelezesha kile kipande cha mbele hatua moja, anazungusha mara nne tena, na vidirisha vinasoma 114000, yaani shilingi 1,140 kamili. Mizunguko 12, na mkono wa kushoto muda wote umeshika ukurasa mstari usipotee. Kugawa ni kutoa mfululizo hadi kengele ilie kuonyesha kwamba amepitiliza, kisha arudi nyuma mzunguko mmoja. Anayezoea kazi hii hasikii tena kelele. Husikia kengele tu. Mwisho wa mwezi, mishahara na hesabu za mizigo zikigongana, mpini huzungushwa siku nzima, na bega la kulia ndilo linalojua.

Kuna jambo moja ambalo mashine hazikuweza kumwondolea karani, nalo ni kuwinda kosa. Jioni jumla ya safu za wima haikubaliani na jumla ya mistari ya mlalo. Tofauti ni shilingi 27. Karani mzoefu hakimbilii kurudia kurasa zote 40. Kwanza anaigawa kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu amegeuza tarakimu, akaandika 63 mahali pa 36, au 41 mahali pa 14. Isipogawanyika, anajaribu nusu yake: huenda kiasi kimewekwa upande wa mapato badala ya matumizi, na kosa la namna hiyo huhesabika mara mbili. Baada ya hapo ndipo kalamu ya rangi huanza kushuka mstari kwa mstari, mwenzake akisoma kwa sauti, yeye akiweka alama ya vema. Mwisho wa ukurasa zinabaki sahihi mbili, ya aliyehesabu na ya aliyehakiki.

Desturi hiyo ya mikono miwili haikutokana na uadilifu wa pekee wa wazee wa zamani. Ilitokana na hofu. Kasha likipungua, keshia alikuwa wa kwanza kuulizwa, na mara nyingi wa kwanza kukatwa mshahara. Wapo walioiba, na wapo waliochana kurasa. Historia ya ofisi za karatasi imejaa visa hivyo katika kila nchi. Hata hivyo, mwizi wa daftari alikuwa na mwandiko. Ulijulikana.

Huko Chicago, London na miji mingine ya viwanda, waliokalia mashine hizi wengi walikuwa wanawake. Kulikuwa na shule maalumu za Comptometer zilizowafundisha wasichana kubonyeza kwa vidole vingi bila kutazama vitufe, na cheti cha shule hiyo kilimfungulia msichana mlango wa kampuni ya reli au duka kubwa. Walilipwa chini ya wanaume na wengi wakatarajiwa kuacha kazi wakiolewa, lakini walikuwa na jina la kazi yao, tena lililotangazwa magazetini kwa nafasi za ajira. Unguja mambo yalikwenda njia nyingine. Shule ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927 tu, na ukarani ulikuwa kazi ya wanaume: Wagoa, Waparsi, Wahindi wa madhehebu mbalimbali, Wangazija, Waarabu, na Waswahili wachache waliopenya. Hakuna aliyeitwa mwendesha mashine ya hesabu. Mashine ilikaa juu ya meza ya karani kama kidau cha wino, na ujuzi wa kuitumia ukamezwa na cheo cha karani. Ndiyo sababu mojawapo ya kutoonekana kwao katika kumbukumbu: kazi isiyo na jina ni vigumu kuitafuta katika faharasa.

Ngazi yenyewe ilipangwa kwa rangi. Mwingereza aliweka sahihi ya mwisho, Mhindi au Mgoa alishika daftari, Mwafrika akabeba daftari hilo kutoka chumba hiki hadi kile akiitwa tarishi, au akabaki bandarini na mahamali wenzake, waliopimiwa mizigo bila kuona kilichoandikwa. Pale karafuu ilipogeuka ugomvi wa kisiasa, hesabu ndiyo iliyokuwa silaha. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilianzishwa mwaka 1927, na sheria za miaka ya 1930 zikakipa mamlaka makubwa juu ya biashara ya zao hilo, hadi wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia karafuu mwaka 1937 na mapatano yakafikiwa mwaka uliofuata. Ndani ya chama hichohicho alikuja kufanya ukarani kijana aitwaye Abdulrahman Mohamed Babu, kabla hajaondoka kwenda Uingereza mwaka 1951 na kurudi mwanasiasa. Ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyeona kwa macho yake namna bei ya mkulima inavyopungua kutoka safu hadi safu alihitaji kufundishwa London maana ya unyonyaji.

Ng'ambo ya mkondo wa bahari, pwani ya Tanganyika, Shaaban Robert alitumikia forodha tangu 1926 hadi 1944. Wasomi wameandika mengi kuhusu utenzi na insha zake. Kidogo sana kimeandikwa kuhusu miaka 18 ya mshairi akiishi kati ya orodha za shehena na viwango vya ushuru, ingawa mtu anayepima mizani kwa kuhesabu silabi hangepoteza chochote kwa kukaa mahali ambapo tarakimu moja ikizidi, ukurasa wote unarudiwa. Huenda ni dhana tu. Lakini ni dhana inayofaa kuchunguzwa na mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, badala ya tasnifu nyingine tena juu ya maudhui ya riwaya yake ya Kusadikika.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliipindua ngazi ile. Familia nyingi za Kihindi na Kigoa ziliondoka, wakiwamo akina Bulsara waliokwenda Uingereza mwaka huohuo, na viti vyao vikakaliwa na vijana ambao jana yake wasingeruhusiwa kuvikalia. Mashine zilibaki. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, likashika ununuzi na usafirishaji wa karafuu, na hesabu za msimu zikaendelea kupigwa.

Bara, Wizara ya Fedha ilikuwa imepata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ya aina ya ICT 1500. Matokeo yake hayakuwapendeza wakubwa. Mradi wa kuziingiza hesabu za serikali katika kompyuta ulileta vurugu kiasi kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na televisheni. Kichekesho ni kwamba wakati uleule Zanzibar ilikuwa inajivunia televisheni ya rangi, iliyotangulia nchi nyingi za Afrika. Marufuku ile hutajwa siku hizi kama mfano wa ushamba. Inastahili kusomwa upya. Nyuma yake kulikuwa na malalamiko ya kweli: mashine ilitoa jumla, jumla ilikuwa mbaya, na hakuna ofisa aliyeweza kuonyesha kosa liko mstari gani. Kuifungia nje kompyuta halikuwa jibu, lakini swali lilikuwa halali na halijajibiwa mpaka leo.

Anayeshuku atazame Uingereza, wale waliotufundisha sahihi mbili. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa matawi madogo ya posta walitiwa hatiani kwa upungufu wa fedha, mengi ya mashauri yakitegemea hesabu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon. Mfumo ndio uliokuwa na kasoro. Watu walifungwa, wakafilisika, wengine wakafa kabla ya kusafishwa majina yao, na ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka 2024 kuzifuta hukumu hizo kwa jumla. Karani wa miaka ya 1930 angeomba ukurasa aanze kugawa kwa tisa. Msimamizi wa posta wa 2005 hakuwa na ukurasa. Alikuwa na kioo, na kioo kilisema anadaiwa.

Tanzania imeonja kitu cha jamii hiyo, bila jela. Serikali ilipoleta kanuni mpya ya mafao ya wastaafu, yaani kikokotoo, mwaka 2018, na kuisitisha Desemba mwaka huohuo baada ya malalamiko, kilichowachoma watumishi hakikuwa asilimia peke yake. Walitaka kuona hesabu inavyofika pale ilipofika. Mjadala wa kikokotoo ulizungumzwa barazani Unguja kama ulivyozungumzwa Dodoma, na wazee waliostaafu ukarani ndio waliokuwa na kalamu na karatasi mkononi, wakiwafafanulia watoto wao.

Nenda ofisi yoyote yenye kaunta leo. Bili ya mwananchi imepanda mara tatu ya mwezi uliopita. Anauliza. Kijana wa kaunta, mpole kabisa, anageuza kioo kidogo na kusema, "Mfumo ndivyo unavyoonyesha, mama." Anashauriwa aandike barua. Siku ya kurudi, mtandao hauko. Kijana hana kosa. Hakuhesabu yeye, na hajui nani alihesabu. Mfumo umempa jibu na kumnyima njia iliyolifikia.

Hapa ndipo Zanzibar ina kitu cha kuchukua kutoka kwa makarani wake, na hakihitaji kurudisha mpini. Kompyuta zimepunguza wizi wa rejareja, zimefupisha foleni, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka kulipia maji kwa daftari la jalada jekundu. Kinachowezekana ni kuamuru kwamba kila bili na kila tathmini ya ushuru ichapwe na hatua zake: kiasi cha msingi, kiwango kilichotumika, tarehe ya kiwango hicho, jumla, na chini yake jina la ofisa anayewajibika kuieleza, na la pili la aliyeihakiki pale kiasi kinapozidi kiwango fulani. Watasema itachelewesha huduma. Kuchapa mistari minne zaidi hakucheleweshi kitu, na mwananchi anayeelewa bili yake harudi kaunta mara tatu.

Jambo la pili lina haraka zaidi. Beit al-Ajaib, iliyokuwa ofisi za serikali enzi za ukoloni na makumbusho baadaye, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na siku itakaposimama tena patakuwa na nafasi ya kupanga upya nini kionyeshwe. Hifadhi ya nyaraka ya Kilimani ina daftari. Wapo pia watu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Mapinduzi sasa amevuka 80. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wenye simu za kurekodi, na huenda wengi wao wana babu au jirani aliyewahi kufanya kazi forodhani, benki au kwenye maghala ya karafuu Malindi. Wapelekwe kwa wazee hao wakaulize mashine ilikaa chumba gani na nani aliruhusiwa kuigusa, mafuta yake yalitoka wapi, mshahara ulikatwa vipi kasha lilipopungua, nani alikuwa mwepesi kuliko mashine, na nani aliwafundisha kugawa kwa tisa.